Shule ya Rumonge Ni Deni la Nani?



Katika mkutano wetu uliopita ililetwa rai ambayo karibu kila aliyekuwepo aliipokea kwa takbira. Kwamba fedha za mfuko wa jumuiya, zile tunazochangia faranga kidogo kidogo baada ya swala ya Ijumaa, mwaka huu zitumike kuwazawadia watoto wa Kiislamu watakaoongoza katika mtihani wa taifa wa darasa la tisa huko kwetu kando ya ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac. Begi, vitabu, madaftari, na cheti chenye muhuri wetu. Mimi ni mzaliwa wa Rumonge. Sikusimama siku ile, kwa kuwa hoja niliyokuwa nayo ni ndefu kuliko dakika mbili wanazopewa wachangiaji, na mwenyekiti wetu, Mungu amhifadhi, ana saa kali. Uamuzi umeahirishwa hadi mkutano ujao, basi nimeomba ukurasa huu niseme kwa nafasi.

Sibishani kama watoto hodari wanastahili zawadi. Wanastahili. Ninachouliza ni hiki: shule ya serikali katika mji mdogo inapodorora, lile deni liko shingoni mwa nani? Na je, zawadi ya namna hii inalipunguza deni hilo, au inatusahaulisha kwamba tunadaiwa?

Tuanze na neno ushindi, maana ndilo linalotuchanganya. Matokeo yakitoka, shule hupangwa kwa asilimia ya walioshinda, na katika mji mdogo asilimia hizo hujulikana sokoni kabla hazijabandikwa ukutani. Sasa chukua shule mbili, nazitunga ili nisimguse mtu. Kila moja ilipokea watoto 120 katika darasa la saba. Ya kwanza ikapeleka 40 kwenye mtihani wa darasa la tisa, wakashinda 32. Ya pili ikapeleka wote 120, wakashinda 60. Kwenye orodha, ya kwanza ina asilimia 80 na ya pili ina 50. Ya kwanza itasifiwa, direkta wake atapeana mikono na wakubwa, na wazazi wenye uwezo watapiga foleni mlangoni pake. Ya pili itaitwa shule ya walioshindwa. Lakini rudi kwa wale 120 wa mwanzo. Ya kwanza imevusha 32, ya pili imevusha 60, karibu mara mbili.

Na wale 80 wa shule ya kwanza wako wapi? Aliyekulia Rumonge hahitaji kuulizwa mara mbili. Mtoto anaambiwa arudie darasa la nane. Anarudia. Anaambiwa arudie tena, au anashauriwa kwa upole kwamba ajaribu shule nyingine. Sasa ana miaka 17, amekaa benchi moja na mdogo wake, na ndevu zimeanza kuota. Asubuhi moja haji. Hakuna barua ya kumfukuza, hakuna siku unayoweza kuionyesha kwa kidole ukasema, hapa ndipo alipotolewa. Wavulana utawakuta ufukweni wakishusha ndagala au kwenye mashamba ya michikichi wakibeba mikungu ya mawese. Wasichana utawakuta kwenye meza za biashara za mama zao, na baada ya muda utasikia kadi ya harusi inapita. Burundi imehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi sana hurudia madarasa, na sisi tumezoea hata hatuulizi tena kurudia huko kunamsaidia nani.

Nilizungumza na direkta mmoja katika likizo iliyopita. Shule yake naiacha bila jina, naye si mtu mbaya, tena ni mtu anayelala saa chache kuliko mimi. Nilimwuliza kwa adabu kwa nini darasa lake la tisa ni dogo kuliko la saba kwa kiasi kile. Akanijibu: "Kijana wangu, mimi nahesabiwa kwa wale walioingia kwenye mtihani. Waliobaki nje hakuna anayenihesabia." Kisha akanieleza mzunguko wote. Asilimia ikishuka, wazazi wenye uwezo wanahamisha watoto wao. Wakihama, kamati ya wazazi inabaki na watu wasioweza kuchangia hata bei ya kufuli. Madawati yanavunjika, hakuna wa kuyatengeneza, walimu wazuri wanaomba uhamisho, asilimia inashuka tena. Kwa hiyo, akasema, anawazuia dhaifu ili shule isife, kwa faida ya dhaifu watakaokuja mwakani.

Hoja hiyo si ya kudharau, na wengi wetu tungekuwa kwenye kiti chake tungefanya vivyo hivyo. Ila tuitazame vizuri. Dhaifu wa mwaka huu anatolewa kwa ajili ya dhaifu wa mwakani, na mwakani naye atatolewa kwa ajili ya yule wa mwaka utakaofuata. Huyo atakayefaidika hafiki kamwe. Anayefaidika kweli ni yule ambaye angeshinda hata bila msaada mkubwa.

Ndugu zangu, sote tunaijua Surat Abasa na sababu ya kushuka kwake. Mtume (s.a.w.) alikuwa na wakubwa wa Kikureshi, akitumaini kwamba wakiongoka hao watu wengi watawafuata. Ni hesabu yenye akili kabisa, hesabu ya mtu anayeutakia ujumbe wake mafanikio. Akaja Ibn Umm Maktum, kipofu, mtu asiye na cheo, akitaka kufundishwa, na uso ukageuzwa pembeni. Tunajua aya zilisema nini juu ya hilo. Kinachonishangaza kila nikiisoma sura hiyo ni kwamba kosa halikuwa ubaya wa nia. Nia ilikuwa njema kupita zote. Lawama ilikuja kwa sababu mbele yake alisimama mtu aliyekuja kwa miguu yake kutafuta elimu, akawekwa nyuma kwa ajili ya faida iliyotarajiwa kwa watu wengine. Sijui kisa kilicho karibu na chumba cha direkta wetu kuliko hicho.

Hapo utasikia jibu linalosemwa hata na watu waliosoma: matatizo yote yalianza pale milango ilipofunguliwa kwa kila mtoto. Mwaka 2005, rais mpya alipoapishwa mwishoni mwa Agosti, alitangaza kwamba shule ya msingi ni bure, na wiki chache baadaye karibu nusu milioni ya watoto walijitokeza kuandikishwa darasa la kwanza nchini. Madawati hayakutosha, vyumba havikutosha, watoto wakapokezana, kundi la asubuhi na kundi la mchana. Tangu siku hizo imekuwa kama methali: wingi umeua ubora.

Lakini je, ni kweli? Mwaka 2014 ulifanyika upimaji wa PASEC, ule unaolinganisha watoto wa shule za msingi katika nchi zinazotumia Kifaransa. Nchi zilikuwa 10, zikiwemo Senegal, Kamerun na Côte d'Ivoire. Katika madarasa ya mwanzo, watoto wa Burundi ndio walioongoza, katika lugha na katika hesabu pia. Watoto wa vyumba vilivyojaa, wa vitabu vya kugawana, wa nchi iliyotajwa miongoni mwa maskini zaidi duniani. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mtoto wetu huanza kusomeshwa kwa Kirundi, lugha anayoielewa, wakati wenzake wengi huanza moja kwa moja kwa Kifaransa. Sisemi kwamba msongamano ni mzuri. Mwalimu mwenye watoto 90 mbele yake anajua anachokipata. Ninasema tu kwamba wingi peke yake hauelezi kuanguka kwetu. Kinachoangusha wengi kinakuja baadaye, pale Kifaransa kinaposhika nafasi kuanzia darasa la tano, na mtoto ambaye nyumbani hakuna anayekizungumza anaanza kukariri sentensi asizozielewa. Mtoto wa daktari ana nani wa kumweleza jioni. Mtoto wa mvuvi hana.

Na Rumonge ina jambo lake la zaidi. Mwalimu mmoja aliniambia kwa kicheko kwamba rejista yake inafuata mwezi. Usiku wa giza mitumbwi huingia ziwani na taa, ndagala wanapatikana, na alfajiri vijana wako ufukweni kushusha, kuanika, kubeba; darasani viti vitupu. Mbalamwezi ikikaa angani taa hazivuti samaki, uvuvi unalala, na darasa linajaa. Basi mtoto huyo anasoma nusu ya mwezi, kisha anapimwa kwa mtihani mmoja na mtoto wa Bujumbura aliyesoma mwezi mzima. Tunamwita mzembe.

Niseme pia juu ya wazee wetu, kwa sababu vijana wengi wa jumuiya hii hudhani kwamba Waislamu wa kando ya ziwa walichelewa shule kwa kupenda biashara tu. Enzi ya Wabelgiji kazi ya kusomesha ilikuwa mikononi mwa misheni, Wakatoliki mbele. Aliyetaka kusoma alikwenda kwa padri, na wazee waliona kwamba ada ya shule ile ni ubatizo. Wakawabakiza watoto chuoni, dukani, kwenye cherehani na kwenye mitumbwi. Hawakukosea kuilinda dini. Bei yake ilikuwa ni vizazi viwili visivyo na karani wala mganga. Halafu ikaja 1972. Mwishoni mwa Aprili uasi uliomwaga damu nyingi ulianzia huku kwetu kusini, kando ya ziwa, na mauaji ya kulipiza yaliyofuata nchini kote yaliwalenga hasa Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi waliochukuliwa mabwenini na hawakuonekana tena. Familia nyingi zilivuka kwenda Tanzania. Waliobaki, na hapa sizungumzii kabila moja wala dini moja, wengi walijifunza kwamba kalamu humwonyesha mtu kwa adui. Mzee aliyeyaona hayo akimzuia mjukuu asiende mbali na masomo, usimcheke. Na wale waliokimbia, walipoanza kurudi kwa wingi mwaka 2008, walirudi na watoto waliosomeshwa kwa Kiswahili huko Tanzania, wakawekwa mbele ya ubao wa Kifaransa, wenye miaka 15 pamoja na wa miaka 11. Nao wamo katika ile idadi inayopotea njiani.

Sasa turudi kwenye deni. Tumefundishwa kwamba elimu anazohitaji umma ili uishi, kama tiba, hesabu na ufundi, ni fardhi kifaya: wakitokea wa kutosha kuitimiza, wengine wamesalimika, isipotimizwa, dhambi inawaenea wote wenye uwezo. Wengi huichukua kanuni hii kama mlango wa kutokea. Serikali imejenga shule, imeajiri walimu, kwa hiyo fardhi imetimizwa, na mimi nina udhuru.

Tuipime kwa fardhi kifaya tunayoijua vizuri kuliko zote, maziko. Mtu amefariki mtaani. Vijana wamechimba kaburi tangu alfajiri, kaburi zuri, na mwanandani umekwisha kuwekwa. Je, fardhi imeanguka? Kila mtu anajua haijaanguka. Maiti bado yuko nyumbani, hajaoshwa, hajakafiniwa, hajaswaliwa. Na kama watu mia walikuja, tisini wakaondoka wakidhani waliobaki wanatosha, na wale kumi ni wazee wasioweza kulibeba jeneza, basi fardhi inawafuata wale tisini huko majumbani mwao. Kifaya maana yake ni kutosheleza. Kaburi lililochimbwa halijamzika mtu, na shule iliyojengwa haijamsomesha mtoto. Kwa hiyo swali la kumwuliza Mwislamu wa Rumonge, na la kutuuliza sisi tulioko chuo kikuu, siyo kama shule ipo. Ni kama watoto wa mji wametoshelezwa. Hawajatoshelezwa. Basi fardhi bado iko nje inatembea, inatafuta mwenye uwezo.

Imam al-Ghazali, alipokuwa akieleza fardhi kifaya katika mlango wa elimu wa Ihya, alilalamika juu ya jambo la wakati wake: miji mingi haikuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja, na bado wanafunzi walisongamana kwenye mabishano ya fiqhi, ambako wenye kuifanya kazi hiyo walikwisha kuwa wengi. Sababu aliyoiona haikuwa ucha Mungu. Fiqhi ilileta vyeo, uangalizi wa mali za wakfu na mayatima, na kukaa karibu na watawala. Kazi yenye heshima ilipata watu kupita kiasi, kazi yenye haja ikabaki yatima. Nikiisoma hoja hiyo nawaza juu ya begi na cheti chenye muhuri. Mtoto aliyeongoza mtihani ana direkta wa kumsifu, ana imamu wa kumtaja kwenye hotuba, ana mjomba wa kumnunulia saa. Huko kazi imekwisha kutoshelezwa. Sisi tunataka kuongeza mtu wa kumi na moja kwenye jeneza lililokwisha kubebwa.

Liko gumu zaidi, nalo ni la jirani yetu. Ni muuza mawese, mcha Mungu, na kwa miaka alikuwa mweka hazina wa kamati ya wazazi katika shule ya serikali. Mwaka jana aliwahamisha wanawe watatu kwenda shule ya binafsi. Nilipomsalimia akaanza kujieleza mwenyewe kabla sijauliza, ishara kwamba jambo linamkaa moyoni. "Mwanangu," akaniambia, "mji utakuwa na miaka mingine mia. Mtoto wangu ana utoto mmoja. Nimwache pale aoze ili nionyeshe kwamba nawapenda watoto wa wenzangu?"

Nimeitafakari kauli hiyo kwa muda mrefu, na sioni pa kuikatalia. Mtoto ni amana mikononi mwa mzazi kabla ya kuwa chochote kwa mji. Hakuna sheria ninayoijua inayomtaka baba amfanye mwanawe sadaka kwa shule mbovu. Wapo wanaomtajia hadithi ya jahazi, ile ya watu wa chini waliotaka kutoboa sakafu wapate maji karibu, na wa juu wakatakiwa kuwashika mikono yao ili wote wasizame. Lakini jirani yetu hatoboi. Yeye anashuka kwenye mtumbwi mdogo pamoja na wanawe na kuliacha jahazi. Je, anayeshuka ana dhambi ya anayetoboa? Sidhani.

Ila angalia alivyoshuka. Hakuchukua watoto watatu peke yao. Amechukua na sauti iliyokuwa ikimfanya direkta atoe hesabu, na mkono uliokuwa ukimjua fundi wa madawati, na simu iliyokuwa ikipokelewa kwa wakubwa. Yale matatu hayakuwa ya wanawe. Watoto walikuwa na haki ya kuhama; sauti yake, kwa mawazo yangu, ilikuwa imekwisha kuwa haki ya watoto wengine mia tatu waliobaki. Tofauti hii naiona ndiyo kiini cha jambo lote, na mara nyingi tunaipita. Tunabishana kama ni haramu au halali kuhamisha mtoto, kana kwamba mtoto na baba lazima wahame kwa mguu mmoja. Kuna watu msikitini kwetu hawana mtoto hata mmoja chuoni, na bado ndio wanaolipa mafuta ya taa ya mwalimu. Hakuna aliyewaambia kwamba kwa kuwa hawana mtoto hawahusiki.

Na kwa kuwa nimelitaja neno chuo. Sisi wa kando ya ziwa wote tumepita kwa mwalimu wa chuo, na huko kuna jambo ambalo shule haijatuiga. Mkekani utamkuta mtoto aliyefika Yasin amekaa bega kwa bega na mtoto anayehangaika na alifu na be. Kila mmoja anaitwa na ukurasa wake, anasomeshwa pale alipo, harudishwi mwaka mzima kwa kukosea herufi tatu. Sijapata kusikia mwalimu wa chuo akimwambia mzazi, mwondoe huyu ananishushia asilimia. Nakiri kwamba chuo nacho kina fimbo zake, na wengi tulihitimisha juzuu bila kuambiwa maana ya neno moja. Siitaki fimbo irudi. Nataka tukumbuke kwamba ule mtindo wa kumchukua kila mtoto alipo si ndoto iliyoletwa na wageni kwenye semina; uko mkekani, umefagiliwa kila alasiri, na sisi ndio waliousoma.

Mtu ataniuliza: na je, kuwashughulikia dhaifu si kuwaonea hodari? Mtoto mwenye akili anakaa akisubiri mwenzake aelewe sehemu ya hesabu aliyoielewa tangu jana. Ni kweli anapoteza kitu. Lakini hodari wa shule ya serikali ya Rumonge hapotezi kile anachofikiri anapoteza, maana shule inayowatupa dhaifu haimfundishi zaidi; inamwonyesha tu kwenye orodha fupi. Na hapa niseme na sisi wenyewe. Kila anayeusoma ukurasa huu alibaki kwenye orodha fupi. Wapo tuliosoma nao darasa la sita waliokuwa wepesi wa hesabu kutuzidi. Mmoja leo anaendesha pikipiki ya abiria pale stendi, na bado anazidisha namba kichwani kwa kasi ya kutisha unapobishana naye nauli. Kubaki kwangu kulitokana na bidii, sikatai, na pia na mama ambaye hakuwa na biashara ya ndagala.

Kwa hiyo katika mkutano ujao nitapendekeza hivi, na naomba mnijibu kwa hoja badala ya takbira. Fedha za begi na vyeti zinunue chaki, karatasi na mafuta ya pikipiki. Likizo kubwa tunayo, kuanzia Julai, na wanafunzi tunaotoka Rumonge na Nyanza-Lac tunajuana. Kwa wiki tano tusomeshe Kifaransa na hesabu kwenye madrasa, kwa watoto wanaokwenda darasa la nane na la tisa, Waislamu na wasio Waislamu, maana fardhi kifaya haikuwekewa mpaka kwenye maslahi ya mji. Saa zifuate ziwa: usiku wa giza tusomeshe alasiri, wa mbalamwezi tusomeshe asubuhi. Na sharti langu moja, ambalo najua litaleta ubishi: tusiombe kwa direkta orodha ya wanaofaa. Tuombe orodha ya waliokuwa darasa la saba miaka miwili iliyopita, kisha twende nyumba kwa nyumba kuwatafuta wasiokuwamo tena. Tukiwapata kumi tu, hatutakuwa na picha nzuri ya kuweka kwenye toleo lijalo, kwa sababu watoto hao huenda wasiongoze mtihani wowote.

Jirani yetu nimemwandikia. Sikumwambia awarudishe wanawe. Nimemwomba arudi kwenye kamati. Amenijibu kwamba kamati ni ya wazazi wenye watoto pale, yeye hana tena, na watu watasema anatafuta cheo. Nimempigia direkta kumwuliza kama mtu wa mji asiye na mtoto shuleni anaweza kukaa kwenye kikao hata bila kupiga kura. Amesema swali hilo hajapata kuulizwa na mtu, na kwamba atanijibu baada ya Idi.